Alama ya Chokaa Ukutani

Jirani yangu Tegwen hajui kukaa. Chai anainywa amesimama, akichungulia dirishani kama kondoo wametoka, na hata kanisani hunyanyuka kabla mchungaji hajamaliza baraka. Ana miaka sabini na mitatu, kondoo mia mbili na ushee, mbwa mmoja, na Landrova iliyonunuliwa na marehemu mumewe, Gwilym, mwaka aliozaliwa binti yao Nerys. Nerys mwenyewe sasa ana mvi. Miaka thelathini na minane nimeishi ng'ambo ya ukuta wake wa mawe, huku juu milimani Wales, kwa hiyo nikisema mwanamke huyu ananichosha, ninayo haki.

Mwezi wa pili Nerys alipanda kutoka mjini akamwekea mama yake sharti. Landrova ilikuwa imefeli ukaguzi wa mwaka mara mbili. Ikifeli mara ya tatu, gari linauzwa, kondoo wanauzwa, na Tegwen anahamia kwa binti yake, kwenye chumba chenye zulia na dirisha linalotazama dirisha la mtu mwingine. Tegwen alikubali. Nadhani alikubali ili mazungumzo yaishe akaangalie kondoo. Kesho yake alikuja kwangu, akaizunguka meza ya jikoni mara nne, ndipo akasema anaogopa. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, hata wiki tuliyomzika Gwilym.

Chasi ilikwishachomelewa. Ubovu uliobaki ulikuwa wa taa za mbele. Kutu ilikuwa imekula kioo cha ndani kinachorudisha mwanga, hata mwanga ukatoka wa njano, hafifu, wa kuonea aibu. Tegwen hakutaka fundi. Aliagiza taa mbili mpya za duara, akazinywesha skrubu za zamani mafuta asubuhi na jioni kwa siku tatu, kama mgonjwa na dawa, mpaka zikalegea. Balbu alizishika kwa leso, maana Gwilym alimfundisha kwamba jasho la kidole huziunguza. Kisha akaliegesha gari hatua kumi kutoka ukuta wa banda, pale Gwilym alipochora mstari wa chokaa. Mwanga ukilala juu ya mstari, taa zimekaa sawa. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Akazungusha skrubu za kupandisha na kushusha taa mpaka mwanga ukalala. Na kwa kuwa hapendi kurudia kazi, akazitia skrubu hizo gundi ya chuma, ili mashimo ya njia yetu yasizilegeze.

Nilimuuliza gundi ya nini. Akaniambia nishike tochi na ninyamaze.

Sasa kosa lenyewe. Watu wa huku hatuendi mjini na uchafu. Ndivyo tulivyolelewa: ukienda kwa daktari unavaa soksi mpya, na fundi wa bomba akija unamfagilia hata chini ya sinki. Basi asubuhi ya ukaguzi Tegwen aliteremsha magunia sita ya chakula cha kondoo, ambayo nyuma ya gari lile hayakosekani, akafagia manyoya, akapiga maji na sabuni. Mimi nilisimama pale na kikombe changu nikimtania kwamba gari linakwenda kuposwa. Sikuona kitu, na mpaka leo najilaumu.

Mkaguzi ni Idwal, ambaye Gwilym ndiye aliyemfundisha kunyoa kondoo. Nerys tulimkuta gereji, amekuja kushuhudia. Breki zikapita. Chasi ikapita. Idwal akasukuma kipimo chake mbele ya taa, akainama kwenye taa ya kwanza, kisha ya pili.

"Zinatazama chini, Mama Tegwen. Zote mbili."

Akachukua bisibisi azirekebishe, kazi ya dakika moja. Skrubu hazikutikisika. Akauliza nani ametia gundi, na Tegwen akaangalia dari. Halafu akaanza kwenda na kurudi, mlangoni hadi kwenye matairi, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nerys alitoa simu, nikaona anatafuta namba ya dalali wa mnada, na nikamchukia kidogo.

Mara Tegwen akasimama. Hilo peke yake lilinishtua.

"Gwilym alikuwa akizipima magunia yakiwa ndani," alisema.

Nikaelewa. Mzigo ukikandamiza nyuma, pua ya gari inainuka na mwanga unapanda. Tegwen alizipanga taa gari likiwa na mzigo, kisha akalileta tupu.

Idwal akajikuna kidevu. Akasema yeye hupima gari kama linavyotembea kila siku. La Tegwen hutembeaje?

"Na magunia sita."

"Yako wapi?"

"Nyumbani. Nilisafisha."

Gereji ilikuwa inafungwa saa sita, na ilibaki robo saa. Kwenda nyumbani tu ni nusu saa.

Gunia moja ni kilo ishirini na tano, sita ni mia moja na hamsini. Mimi nina kilo tisini, jambo ambalo mke wangu hupenda kuwatajia wageni. Nikapanda nyuma, nikakaa kwenye benchi la pembeni. Mwanga ukapanda, lakini haukufika kwenye alama ya kipimo. Mbwa wa Tegwen, aliyekuja nasi, akapandishwa, hakusaidia kitu. Tegwen alikuwa ameshika usukani, akitazama mbele, na mabega yake yalikuwa madogo kuliko nilivyoyazoea.

Nerys aliutazama mgongo wa mama yake. Akaitia simu mfukoni, akapanda na viatu vyake vya ofisi, akaketi mbele yangu.

"Sijabadili mawazo, Mama."

"Sijakuuliza. Sogea nyuma kidogo."

Akasogea. Idwal akainama kwenye kipimo, akanyanyuka, akaenda kuandika cheti bila kutuangalia.

Mimi nilishuka haraka, magoti yalikuwa yananiuma. Nerys hakushuka. Tegwen akawasha gari, akangoja, akamuuliza bila kugeuka kama gari lake la mjini amelisahau.

"Nikishuka taa zitatazama chini," Nerys alisema. "Nipeleke nyumbani, tukapakie magunia."

Nikapanda tena. Njia nzima Tegwen aliendesha taratibu, taa zikiwaka mchana kweupe, na hakuna aliyemwambia azizime.