Kiti cha Kwenda Timau

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyetoa wazo la kwenda Timau kwa baiskeli. Mama yao anaishi huko na kitinda mimba wake, kwenye kipande cha shamba kilichopakana na mashamba makubwa ya ngano. Wifi alikuwa amestaafu ualimu, ana presha, na daktari alimwonya asikae nyumbani siku nzima mbele ya televisheni. Akajifunza baiskeli akiwa mtu mzima, asubuhi kando ya uwanja wa Ruring'u kabla vijana wa mpira hawajafika. Alianguka mara nyingi na hakumwambia mtu.

Alinijia mimi kwa sababu nilikuwa na baiskeli. Mimi ni fundi wa kushona, nina kibanda cha sare za shule mjini Nyeri, na nilikuwa nikienda kazini kwa baiskeli ya mtumba aliyoninunulia mume wangu. Vinginevyo asingekuja. Tuliishi plot mbili zilizopakana na tulikuwa watu wa salamu tu. Akipika chapati za sikukuu ananitumia sahani, nami nairudisha ikiwa na kitu juu yake. Nilipoolewa alikuwa amemtakia mdogo wake mke mwingine, mwalimu mwenzake. Hakuwahi kunitamkia neno hilo, lakini nililijua, naye alijua kwamba nalijua. Siku aliyosimama getini kwangu na kofia ya baiskeli kichwani, nilidhani kuna msiba.

Alisema anataka kumwona Mama kwa miguu yake mwenyewe, si kwa gari la mtu. Tungefanya mazoezi kwanza, tukienda mbali kidogo kidogo, kisha tulale Nanyuki njiani, na kesho yake tupande hadi Timau. Nilikubali kabla sijafikiri. Nadhani nilifurahi kuombwa.

Mazoezi yetu ya kwanza yalikuwa Kiganjo, na sikuona taabu. Mazoezi yaliyofuata tulipitiliza hadi Chaka. Kurudi, nilijua kwamba nimeumia. Kutoka nyumbani hadi kibandani ni mwendo mfupi, mtu hakai sana, anasimama kwenye kona na kwenye matuta. Barabara ya Chaka imenyooka, unakaa tu na kukanyaga. Kiti cha baiskeli yangu kilikuwa chembamba na kirefu, kimetengenezewa mwanamume, na kilinibana pale ambapo mwanamke hataji. Nilipofika nyumbani nilioga kwa maji baridi, nikakaa kitandani kwa ubavu. Mume wangu aliuliza kuna nini nikamwambia ni uchovu.

Kwa kuwa ushonaji ndio kazi yangu, nilidhani dawa ni sponji. Nilikata sponji nene ya kochi, nikaivika kitambaa cha koti la mvua, nikatia kamba ya kukaza chini. Ilikuwa kazi safi na mume wangu aliisifu. Nilipoikalia pale uani ilikuwa kama kiti cha sebuleni. Lakini tulipokuwa tukipanda kurudi kutoka Chaka wiki iliyofuata, mifupa yangu ilizama kwenye sponji na sponji ikapanda katikati ikanisukuma palepale palipouma. Nilifika nyumbani nikiwa katika hali mbaya kuliko mara ya kwanza.

Nikaenda duka la baiskeli mjini. Muuzaji hakungoja nimalize sentensi. Alinitolea kiti kipana chenye springi mbili nyuma, akasema hicho ndicho cha akina mama, wote wanachukua hicho. Sikuwa na la kuuliza mbele ya wateja wengine, nikakichukua. Hakikunibana katikati, ni kweli. Kilinichubua mapaja kwa ndani kote, na kila nikikanyaga springi zilinirusha kama niko juu ya punda.

Siku niliyokijaribu, tulikuwa tumepumzika kando ya barabara, karibu na Kiganjo, chini ya mikalitusi. Wifi alikuwa ameketi kwenye majani akimenya chungwa. Mimi nilikuwa nimesimama. Alinitazama, akaniuliza bila kupunguza sauti.

"Wifi, unaumia wapi hasa?"

"Ni miguu tu."

"Sio miguu. Miguu haifanyi mtu aogope kukaa chini."

Magari yalipita. Akanigawia nusu ya chungwa, akasema hata yeye mwaka uliopita aliumia mpaka akaona damu, na akaficha. Alidhani ati ni uzee, au Mungu anamwambia baiskeli si ya mwanamke. Baadaye alisoma kwenye simu maneno ya wanawake wanaosafiri mbali kwa baiskeli, akakuta wanazungumza jambo hilo waziwazi kama watu wanaozungumza viatu. Akabadilisha kiti.

"Niliona vile unateseka," alisema. "Nikangoja uniambie. Nikasema labda hutaki kuniambia mimi."

Nilimwambia ukweli: kwamba nilikuwa nikitafuta namna ya kujitoa kwenye safari bila kumkosea. Alicheka kwa sauti ya chini, akanifuta mbegu ya chungwa begani. Katika miaka yote hiyo hakuwa amenigusa ila kwa kunipa mkono.

Jioni alikuja kwangu na kipande cha katoni, ile yenye mikunjo ndani. Alikiweka kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa jikoni, akaniambia nikikalie, niinamie mbele kama ninayeshika usukani. Niliposimama, katoni ilikuwa na mabonde mawili madogo. Hapo ndipo mifupa yako inapokaa, alisema, na kiti kinatakiwa kibebe hiyo mifupa, kisibebe nyama. Nilichukua tepu yangu ya kazi nikapima kutoka katikati ya bonde moja hadi la pili, halafu nikampima na yeye kwenye upande wa pili wa katoni. Nilishangaa. Yeye ni mnene kunishinda sana, nami ndiye mwenye mifupa iliyoachana zaidi. Nimepima nyonga za watu maisha yangu yote, za wasichana wa shule, za walimu wao, na za mabibi harusi, na sikuwa nimewahi kuwaza kwamba ndani kuna kipimo kingine.

Jumamosi tulikwenda soko la Karatina, upande wa vyuma vya mtumba, ambako viti vya baiskeli hurundikwa pamoja na mikono ya breki na minyororo. Wifi alimwamkia muuzaji, mzee mmoja mwenye koti la sufi, akamwambia tunataka kiti cha mwanamke, kigumu, kipana nyuma kwa kipimo hiki, pua yake iwe fupi, na katikati kiwe wazi. Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia darasani. Mimi nilitazama viazi vya mtu wa pembeni. Mzee hakucheka wala hakuuliza. Alivuta gunia lingine kutoka nyuma, akalimwaga mbele yetu, akaturuhusu tuchague.

Tulivibonyeza kwa vidole gumba. Vilivyobonyea sana tuliviweka kando. Vilivyobaki nilivipima kwa tepu, sehemu ya nyuma ambako mifupa ingetua. Kimoja kilikuwa kizuri ila uwazi wake wa katikati ulikuwa mfupi, unaishia kabla ya pale panapohitajika. Kingine pua yake ilikuwa pana, nikakumbuka mapaja yangu. Kile nilichokichukua kilikuwa cheusi, kimekwaruzika pembeni, na katikati kina nafasi ndefu ya kupitisha vidole viwili. Kilikuwa kigumu kiasi kwamba bila katoni ile nisingekigusa.

Hata hicho hakikunipokea mara moja. Fundi wa baiskeli wa Ruring'u alikifunga pua ikiwa juu, nikarudi kwake. Akaishusha sana, nikawa nateleza mbele na viganja vinakufa ganzi, nikarudi tena. Mwishowe tulikilaza sawa na ardhi, tukakisogeza nyuma kidogo. Mimi nikashona bukta mbili za kuvaa ndani ya sketi, zisizo na mshono katikati, maana mshono nao ni adui. Wifi alipoijaribu yake alizunguka uwanja mara moja, akarudi, akaniambia nishone nyingine.

Tuliondoka mwezi wa Agosti, baada ya wateja wa sare kupungua. Nilifika Naro Moru nikiwa sijafikiria kiti hata kidogo, nikajikuta nautazama mlima, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umejitoa wote mawinguni. Tulilala Nanyuki kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Kesho yake, mwinuko wa kwenda Timau ulitutesa kwa njia nyingine. Upepo ulitoka mashambani ukitusukuma kando, malori ya maua yalitupita kwa kishindo, na kalio langu la kushoto lilikufa ganzi, nikashuka nikasukuma. Sitadanganya kwamba kiti kiliondoa kila kitu. Lakini ilikuwa ganzi ya kawaida, ya kutembea ikaisha.

Mama alikuwa ameambiwa tunakuja, hakuambiwa tunakujaje. Alitoka nje akiwa na fimbo yake, akatutazama, akatazama barabara nyuma yetu kama anayetafuta gari. Tulimwamkia. Alimshika wifi uso kwa mikono miwili, kisha akanishika mimi. Halafu akaikaribia baiskeli yangu, akatia vidole kwenye ule uwazi wa kiti.

"Hii shimo ni ya nini?" aliuliza.

Nilimgeukia wifi anisaidie. Yeye, aliyezungumza bila haya mbele ya soko zima, alikuwa anafungua kamba za mzigo wake na hakuinua kichwa. Kwa hiyo mimi, mke wa mwana, nilimweleza mama mkwe wangu shimo lile ni la nini. Nilitumia maneno ya adabu niliyoyajua, na yalipoisha nikatumia yale mengine.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado ameshika kiti.

"Mimi nilipelekwa hospitali juu ya karia ya nyuma ya baiskeli," alisema. "Tulikuwa bado tunaishi Kangari. Nikiwa na uchungu wa huyu." Akamwonyesha wifi kwa kidevu. "Chini yangu kulikuwa na gunia moja tu limekunjwa, na ile njia ya majani chai ilikuwa matope. Kwa kilima nilishuka nikatembea, kutembea kulikuwa afadhali."

Wifi aliacha kamba. Alikuwa amezaliwa miaka zaidi ya sitini iliyopita na hakuwa amewahi kuambiwa hivyo. Alimuuliza kwa nini hakusema.

"Nani aliniuliza?" Mama akajibu, bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza chumvi iko wapi.

Tuliingia jikoni kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Wifi alivuta kigoda akakaa karibu na magoti ya mama yake, akaanza kumuuliza: nani aliyekuwa akisukuma, mvua ilikuwa ikinyesha au ilikuwa imekatika, walifika saa ngapi. Mama alijibu polepole, mara nyingine akirudi nyuma kurekebisha. Alisema mumewe alikuwa akisukuma na kuimba wimbo wa kanisa ili asimsikie akilia. Alisema walipofika muuguzi alimkaribisha kiti, naye akakikataa.

Hapo wote wawili walicheka, na wifi akanivuta mkono nikae nao. Nilichukua kisu na sufuria ya viazi, nikakaa.