Malaika Aliyepiga Makofi

Wiki hii wanapaka chokaa bweni letu la wasichana hapa Kibondo, na mimi nimehamia uani na madaftari yangu. Wenzangu wanadhani nakwepa kazi. Ni kweli nakwepa, siku zote nakwepa, ila safari hii nina sababu. Ile harufu ya chokaa mbichi inayokwaruza koo ikinifikia tu, nauona ukuta wa kigango chetu, kanisa dogo la kijijini kule milimani Kasulu, nikiwa na miaka saba, na natamani kumpiga mtu. Wa kwanza kwenye foleni ni mimi mwenyewe.

Shangazi yangu Sabina alikuwa mchoraji. Kwa bibi alijifunza kusuka vikapu na kuremba kuta kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Misheni, mtawa mmoja wa Kizungu akamfundisha rangi za mafuta, na namna ya kumpa mtu kivuli hadi udhani atatoka ukutani akuombe maji. Shangazi hakuona kwa nini achague. Walipomwambia achore malaika akimletea Maria habari, alimkalisha Maria mkekani, kanga kiunoni, kikapu ambacho hakijaisha kusukwa mapajani, na pembeni mwa mchoro wote akazungusha zile nakshi za pembe kali za vikapu vya bibi. Rangi za mafuta zilipoisha, alisaga udongo akachanganya na viini vya mayai. Sisi watoto tuliyalilia mayai yale kuliko tulivyowahi kulilia dhambi zetu.

Malaika alikuwa ameinama, viganja vikikutana mbele ya kifua. Kwetu Buha, ukifika kwa mtu unayemheshimu unainama na kupiga makofi polepole huku unasalimia. Ukiingia wima tu, umeingia kama ng'ombe. Shangazi aliona malaika mwenye adabu hawezi kuingia kwa mama wa watu bila makofi.

Ikafika Jumapili ya Padri, Mzungu mgeni, mwenye miezi michache tu nchini. Akiupenda mchoro, Shangazi angepewa ukuta wa kanisa kubwa la parokia. Alikuwa amekwisha kujaza udongo kwenye vibuyu, tayari kwa safari. Padri alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, kichwa upande. Kisha akatugeukia.

"Huyu malaika anafanya nini na mikono?"

Watu wakatazama chini. Shangazi akafungua mdomo. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nimekaa chini na watoto wenzangu, na ulimi wangu tangu hapo haujui kusubiri.

"Anacheza ngoma, Padri! Kalewa pombe ya ndizi!"

Kanisa likaangua kicheko. Watu walipigana mabega. Katekista, mzee wetu wa kufundisha sala, alifuta machozi kwa mkono wa kanzu. Nikajiona bingwa. Padri hakucheka. Wekundu ulimpanda shingoni, akasema hapa si kilabuni, mchoro ufutwe.

Alasiri Katekista akaja na ndoo ya chokaa. Na aliyemchotea maji ya kukorogea, jamani, ni mimi, nikiurudia utani wangu njia nzima.

Shangazi alisimama mlangoni.

"Katekista, asubuhi ulipopita kwa mama yangu, ulimsalimiaje?"

"Sabina, usinitafutie maneno. Padri kasema."

"Ulipiga makofi, au hukupiga?"

"Nilipiga. Haya, nipishe."

Akampisha. Brashi ilianza miguuni pa malaika ikapanda. Mikono ndiyo iliyokataa, masizi yakawa yanapenya chokaa, ikabidi ipakwe mara tatu. Shangazi hakulia. Alimwaga udongo wake njiani, kibuyu baada ya kibuyu, na sasa anachora cherehani na sabuni kwenye mabango ya maduka Kasulu mjini. Ni mabango mazuri sana. Nayachukia yote.

Miaka mingi nilimlaumu Padri. Ni rahisi kumlaumu, hata mwendo wake nimeuigiza bwenini mpaka wenzangu wakashika mbavu. Likizo iliyopita nikamwomba Shangazi radhi. Hakuinua brashi yake.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Na yule Padri, mwanangu, aliuliza."

Aliuliza! Mgeni hakujua, akauliza, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Na kanisa zima lilikuwa na jibu viganjani, watu waliokuwa wamesalimiana kwa makofi pale mlangoni muda mfupi kabla! Waliona aibu mbele ya Mzungu, wakashukuru kupata mtoto mpumbavu wa kuwaokoa kwa kichekesho. Nikiwakumbuka walivyocheka, nasaga meno.

Lakini kuna jambo sikumwambia Shangazi siku ile, na sijui nitalisema lini. Nilijua. Nilikuwa nimempigia bibi makofi asubuhi ile ile, nimeinama vilevile. Nilijua kabisa malaika anafanya nini. Nilitaka tu wacheke.