Cvijeto na Wanakondoo Weusi wa Nyumba ya Vezilić

Cvijeto alianza kuchunga kondoo wa nyumba ya Vezilić mwaka mmoja kabla sijaolewa humo, kwa hiyo siwezi kujisifu kwamba nilimkaribisha. Nilimkuta. Alikuwa kijana mrefu mwenye mikono mikubwa, na aliona haya kula mbele za watu. Sahani yake ya kabichi na nyama ya kondoo iliyokaushwa alikuwa akiichukua na kwenda kukaa nayo kizingitini, hata mvua ikinyesha. Mama mkwe aliniambia nimwache, ndivyo alivyozoea. Nilimwacha hivyo kwa miaka arobaini na sita.

Yeye aliishia darasa la nne. Mimi nilikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe katika shule ya bondeni. Kila mwaka nilichora njegere za kijani na za njano ubaoni, nikiwaeleza watoto jinsi mzazi anavyoweza kubeba sifa asiyoionyesha na kumrithisha mjukuu. Naliandika hili mapema ili asije akanitetea mtu kwamba sikujua.

Kondoo wetu wa huku Konavle ni wadogo, sufu yao laini ina mawimbi, na hawazoei pengine ila kwenye mawe yetu. Cvijeto aliwajua mmoja mmoja kwa sura. Jike mmoja aliyependa kusukuma wenzake alimwita Katibu wa Chama, na alipokufa alisema sasa mkutano utaisha mapema. Mbele yangu hakutania. Mimi aliniita Mwalimu; mume wangu, Baldo, alimwita kwa jina lake tu.

Majira ya kuchipua ya kwanza baada ya harusi, mama mkwe alinifundisha sheria ya nyumba. Mwanakondoo mweusi akizaliwa, achinjwe kabla majirani hawajamwona; nami baadaye nikaitoa amri hiyo mwenyewe. Huku kwetu mwanakondoo mweusi ni aibu: watu wakitoka misani huulizana kwenye ngazi za kanisa ni dume la nani lililoruka ukuta, na maneno yakianza kwa kondoo huishia kwa wanawake wa nyumba. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili alizaliwa mweusi mmoja, pengine wawili. Cvijeto aliwabeba ndani ya koti kabla kijiji hakijaamka, na Jumamosi ya kuamkia Pasaka alileta nyama imeshachunwa. Hatukuuliza ngozi iko wapi. Tulikula, na kondoo wa Vezilić wakasifiwa kwa weupe wao mpaka Dubrovnik.

Vita vilipofika tulikimbilia mjini. Tuliporudi, nyumba haikuwa na paa na zizi halikuwa na kitu. Cvijeto alizunguka milimani wiki tatu akarudi na majike saba na dume mmoja mweupe, wote wamekonda. Baldo alilia, mara yangu ya kwanza kumwona akilia. Tangu siku ile akaapa kwamba dume la nje halitaingia kwetu, maana damu ya baba zake ni hiyo tu iliyobaki. Basi dume yule akapanda binti zake, na mwanawe akapanda dada zake, mwaka baada ya mwaka. Mimi mwenye njegere zangu nilitazama nikaona fahari.

Baldo alifariki. Miaka miwili baadaye wakaanza kuzaliwa wanakondoo wenye taya la chini fupi, wanaohangaika kwenye chuchu bila kuishika. Mradi wa kuwahifadhi kondoo hawa ukamtuma daktari wa mifugo, msichana makini aitwaye Tena. Aliwatoa damu wote, akarudi na majibu mwezi wa tisa. Alisema kondoo wangu wamekuwa kama familia iliyofungiwa chumba kimoja ikaoana yenyewe kwa yenyewe. Wanahitaji dume wa mbegu hiihii lakini wa ukoo mwingine, hasa ukoo wa kabla ya vita kama umesalia popote. Kisha akaniuliza kama hapa wamewahi kuzaliwa weusi, kwa sababu koo za zamani zilikuwa nao, na weusi si doa.

Cvijeto alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi.

"Nyumba hii?" nikasema. "Hajawahi kuzaliwa hata mmoja."

Cvijeto aliinamisha macho. Daktari Tena akaandika jibu langu.

Daktari alipoondoka, Cvijeto alinifuata jikoni nilikokuwa nikimenya maharagwe. Hakukaa.

"Mwalimu, hakuchinjwa hata mmoja."

"Nani hakuchinjwa?"

"Weusi. Niliwapeleka juu kwa Jele. Naye alinipa weupe wake, mmoja kwa mmoja. Ile nyama ya Pasaka ilikuwa ya kwake." Alielekeza kidole mlimani. "Moto wa vita haukufika kule. Vizazi vyao vipo mpaka leo, na dume yupo. Nilidhani utafurahi."

Mtu mwenye akili timamu angemkumbatia. Mimi nilimwona Jele, mwanamke wa kule juu kwenye mawe matupu, mwenye zizi la kondoo wa kila rangi na ulimi usio na kufuli, akijua siri yetu miaka yote ile huku akinisalimia kanisani.

"Umeuanika uchi wa nyumba hii kwa Jele," nikamwambia.

"Nilipeleka wanakondoo, Mwalimu."

Nikamwambia akusanye vitu vyake. Vilijaa mfuko mmoja.

Dukani waliponiuliza kwa nini ameondoka, nilijibu kwamba kwa miaka mingi kondoo wametoka zizini mwetu bila ruhusa. Neno mwizi sikulitamka. Nilikuwa mwalimu; nilijua kuacha sentensi wazi ili darasa liimalizie. Na nilifanya hivyo kwa makusudi, maana watu wakishughulika na wizi wa Cvijeto hawatauliza kondoo hao walikuwa wa rangi gani.

Majira ya kuchipua yaliyofuata walizaliwa wanakondoo kumi na mmoja. Sita hawakuweza kunyonya. Niliwanywesha kwa chupa, nikiamka, nikilala, na wanne walinifia mapajani, midomo yao ikitafuta maziwa yanayotiririka pembeni. Daktari Tena aliniambia bila kupindisha kwamba nisipopata dume mpya kabla ya kipupwe, hakutakuwa na cha kuhifadhi tena.

Nikapanda kwa Jele. Ni mwendo wa saa nzima, na nilivaa viatu vyangu vya kanisani kwa kiburi, vikanichubua. Nilimkuta mlangoni akikausha majani ya mlimani tunayoyanywa kama chai.

"Karibu, mke wa Baldo. Umepotea njia?"

Nikasema nimekuja kuhusu dume.

"Dume gani tena? Kwenu si hawajawahi kuzaliwa weusi? Yule binti daktari alinisimulia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, basi hawa wangu wameshuka na mvua."

"Jele, wananifia."

Akaacha kucheka. Aliyapanga majani yake kidogo.

"Mficha uchi hazai," akasema, "na kumbe kondoo wake vilevile. Lakini si wangu wa kukupa. Kila mweusi aliyeletwa hapa nilimhesabu wa Cvijeto. Mwombe mwenyewe, yuko nyuma anajenga ukuta."

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Nilipomwona amepiga magoti kwenye mawe, mzee wa miaka sitini na kitu, mvi zimejaa vumbi, maneno yalinikimbia, nikaanza na dume. Yaani hata pale nilianza na haja yangu.

"Mchukue," akasema. "Kondoo hawana kosa."

Nikamwambia arudi nyumbani, chumba chake kiko vilevile.

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kule mimi ni mwizi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesema mvua inakuja, akachukua jiwe jingine akalipima kwa jicho. Nilitamani anitukane.

Daktari Tena alipokuja kumvisha dume hereni ya sikioni, fomu ya mradi iliuliza mama wa ukoo wake alitoka zizi gani. Aliniambia naweza kuandika "haijulikani", wengi huandika hivyo. Niliandika Vezilić. Lakini karatasi haina mdomo, na nilijua hilo halitoshi.

Jumapili, baada ya misa, nilisimama kwenye zile ngazi. Nimesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na nne, lakini siku ile nilianza sentensi ya kwanza mara mbili. Nikasema kwamba weusi wamezaliwa kwetu tangu zamani, kwamba niliamuru wachinjwe, kwamba Cvijeto aliwaokoa kwa kubadilishana na hakuchukua kitu cha mtu, na kwamba nilimchafulia jina nikijua ni uongo.

Hakuna aliyeshtuka. Mzee Vlaho, aliyekuwa shahidi wa harusi yetu, aliwasha sigara yake kwanza.

"Weusi kila nyumba inao, mwanangu," akasema. "Mimi wangu niliwala, mpumbavu mimi. Na la Cvijeto hakuna aliyeliamini hapa. Tulikuwa tunangoja tuone utakaa nalo muda gani."

Mwaka mzima nilidhani nalinda jina la Baldo, na mwaka mzima watu walikuwa wakilitazama likishuka. Uso uliniiva. Nilishuka ngazi zile peke yangu, na Cvijeto hakuwapo kusikia.

Mwaka huu wamezaliwa tisa, na wote wananyonya. Watatu ni weusi, madume wawili na jike. Nilimtumia Cvijeto habari, nikadhani hatakuja. Alikuja Jumanne asubuhi. Aliingiza kidole gumba katika kila kinywa, akapapasa kila taya, nami nikasimama nyuma yake kama mwanafunzi. Kisha akanionyesha yule dume mweusi mkubwa, mwenye kifua kipana.

"Huyu usimbakize. Mpe Vlaho, na wewe uchukue dume wa kwake. Kila nyumba itoe aliye bora. Mkificha tena mtarudi kulekule."

Nilisema nitafanya hivyo. Nilimwomba msamaha, safari hii kabla ya jambo jingine lolote la kuomba, na akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Nilimwalika ndani anywe kahawa. Akashukuru, akasema ana kazi juu.

Alipoondoka, majike waliinua vichwa wakamfuata kando ya uzio mpaka mwisho wa shamba. Hakugeuka. Ikabidi niende mimi na fimbo kuwarudisha, nao hawakutaka kunifuata.