Wito wa Wiki Moja Kabla ya Mtihani

Juzi nilipanga foleni ya tikiti stesheni ya Voi. Mbele yangu kijana wa chuo kikuu, anayesomea uinjinia wa maji, alikuwa akimweleza mhadhiri wake kwa nini ameghairi kurudi Nairobi. Mhadhiri huyo ni mtu wa huku kwetu milimani, na chuoni ndiye mlezi wa wanafunzi Wakristo.

"Mwalimu, Mungu ameniita nikahubiri kule Kishushe, kwenye ukame."

"Amekuita lini?"

"Wiki jana."

"Na mtihani ni lini?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Wiki ijayo."

Mhadhiri alilisukuma sanduku la kijana kwa mguu mpaka dirishani. "Kishushe nimehubiri mimi. Wanasema amina midomo imewakauka. Kila siku wanamwomba Mungu maji, na jibu lao ni wewe. Kafanye mtihani. Ukishapita, kama bado anakuita, nitakupeleka mwenyewe."

Akavua kofia, wakaomba pale pale, foleni nzima ikisubiri. Kijana akakata tikiti.

Wapo watakaosema mzee amezuia kazi ya Mungu. Mimi si mtu wa kutafuta ishara, lakini siku hiyo treni ya Nairobi ilifika kwa wakati.