Asante ya Mjomba Mathayo

Msimu wa kurina asali ulianzia puani. Kabla hujaona hata ndoo moja, kanga za mama zilikwisha kunuka moshi wa magome ya miyombo, na sufuria ya ugali ilinuka nta hata baada ya kusuguliwa kwa majivu. Tuliishi nje kidogo ya Itigi, upande wa njia ya kwenda Rungwa, na mama alikuwa na mizinga ya magogo aliyoachiwa na babu. Watu walisema mwanamke hapandi miti. Mama alivaa suruali ya marehemu baba, akafunga kanga kiunoni, akapanda, akashuka na ndoo imejaa masega, wao wakabaki na maneno yao. Hatukuwa na ng'ombe wala shamba la maana. Mizinga ile ndiyo iliyotulisha na kunisomesha.

Mjomba Mathayo hakuwa ndugu yetu wa damu, ila kwetu mtoto hamwiti jirani mtu mzima kwa jina kavu, na hata mama alimwita Mjomba kwa ajili yetu. Alikuwa mcheshi, kanisani anaimba besi, msibani ndiye wa kwanza kushika jembe. Wezi walipoanza kupasua mizinga porini, alijitolea kuzunguka na vijana wake kulinda, na wezi wakakoma. Kila nyumba ikampelekea kidumu cha asali, kwa sababu aliyekusaidia porini haondoki mikono mitupu, ni aibu. Msimu uliofuata hakungoja kuletewa. Vijana walipita wenyewe, tena na ndoo, na waliokawia waliambiwa kwa upole kwamba wezi bado wapo. Kisha wakaanza kupaka doa la rangi nyekundu kwenye ndoo za waliotoa, na wanunuzi wa mjini wakajua kwamba ndoo isiyo na doa haiguswi. Asante yetu ilikuwa imegeuka kodi, na hakuna aliyejua ni siku gani iligeuka.

Msimu ninaousimulia walitaka nusu ya asali yote. Siku hizohizo nyuki aliniuma juu ya jicho, mama akanipeleka zahanati kwa Sista Rozalia, mtawa wa Kiitaliano aliyekuwa amezeekea kwetu. Mama alimwamkia, kisha akamweleza habari za Mathayo. Sista akaacha kunifunga bendeji, akakaa kitini. "Kwetu yalikuwa malimau," akasema. Alizaliwa kusini kabisa mwa Italia, kijiji cha wakulima, na huko pia walitokea wanaume wema wa kulinda mashamba. Baadaye wanaume hao ndio wakaamua nani apate maji, nani abebe mzigo kwenda bandarini. Malimau yalipopanda meli kwenda Amerika, nao wakapanda. Sasa wajukuu zao huvaa suti, wana mahoteli na kandarasi katika nchi ambazo hakuna aliyewahi kukisikia kijiji chao. Aliwaita mafia. Mimi nilidhani anasema kisiwa tulichosoma kwenye jiografia, nikashangaa malimau ya huko yana ugomvi gani.

"Mama, lipa tu," Sista akasema. "Mimi nimemzika kaka yangu aliyekataa."

"Na nyie kule mlilipa, Sista?"

"Tulilipa. Kijiji kizima."

"Wakaacha?"

Sista akageukia chupa zake za dawa, akaanza kuzipanga upya. "Basi nimeelewa," mama akasema, akanishika mkono tukaondoka, bendeji yangu inaning'inia.

Vijana wa Mathayo walipokuja na kopo la rangi, mama aliwangojea uani, majirani wanaona. "Mwambieni Mathayo," alisema, na watu wakashtuka kwa kutosikia Mjomba, "asali hii ni ya baba yangu. Rangi yenu kapakeni milango ya kwenu." Haikupita muda mizinga ikachomwa, mchana kweupe. Nililia kama nimefiwa. Mama hakulia. Alikuwa na hasira ya kumtosha mtu kupanda miti mpaka ndani kabisa ya pori, kwenye mizinga michache ambayo hawakuijua. Wanunuzi walipomkataa, akaijaza asali kwenye chupa za soda, tukaenda stesheni. Abiria wa treni hawakujua doa jekundu ni kitu gani. Waliona asali, wakanyoosha mikono madirishani. Vijana wa Mathayo walisimama palepale wakitukodolea macho, na mbele ya treni nzima hawakuthubutu kutugusa. Treni iliyofuata mama hakuwa peke yake. Majirani walikuja na chupa zao, wengine wamezificha ndani ya kanga, lakini walikuja.

Nikisimulia haya watu husubiri niseme Mathayo alifungwa. Hakufungwa. Alihamia Singida mjini, akaenda Dar es Salaam, na leo watoto wake wana kampuni inayopeleka asali ng'ambo katika vichupa vyenye picha ya nyuki anayetabasamu. Nyuma ya nyuki huyo kuna vijiji visivyoruhusiwa kumuuzia mtu mwingine yeyote. Sista, Mungu amrehemu, aliiona njia hiyo yote kabla haijalimwa. Mimi sasa ni mwalimu Kiomboi, nina mshahara na nina watoto, na hasira yangu haijapoa wala sina mpango wa kuipoza. Walichoma mizinga ya babu. Mama yangu hawakumpata.

Mwaka huu mawakala wa kampuni hiyo walifika kwake, vijana wenye viatu visivyo na vumbi. Walimpa shikamoo nzuri kabisa, wakamweleza kwamba wangependa kumlinda na misukosuko ya soko. Mama akawakaribisha uji, maana mgeni ni mgeni, akakaa nao mpaka wakamaliza. Kisha akakusanya vikombe.

"Sasa sogezeni gari," akawaambia. "Mmeniziba njia ya kwenda kwenye mizinga yangu."