Mke Mwenza Aliyeitwa Malia

Tusimsitiri: Epifania alikuwa na wivu. Mumewe akisalimiwa njiani na mwanamke kwa kicheko, jioni hiyo ugali unaiva nusu, na atakula hivyo hivyo.

Alizaliwa Mabamba, akaolewa Busunzu na Venanti, mwanamume mpole, mgumu wa maneno, wakamzaa Esteri. Mwaka wa sabini na nne wakahamishiwa kijiji cha ujamaa, na kila mtu akaanza nyumba upya. Nyumba ya Venanti ikasimama miti na fito tu, haina udongo wala nyasi. Mama na mtoto wakawa wanalala chini ya turubai la kuazima, na mvua zinanukia. Venanti yuko wapi? Mlimani, kwa mzungu!

Mzungu huyo, Profesa, alikuja kufukua ikulu ya kale ya mwami, mfalme mmoja wa Waha. Ujanani alifukua majumba ya wafalme wa kale huko Krete, kisiwa cha Wagiriki, na mpaka uzeeni hakuwa na habari nyingine mdomoni. Hata mashimo yake ya hapa aliyapa majina ya majumba yale: Knoso, Festo na Malia. Wachimbaji walilijua hilo. Wake zao nani aliwaambia?

"Baba Esteri, mbona umechelewa?" Epifania aliuliza jioni moja.

"Nilikuwa na Malia," Venanti akajibu, akinawa mikono. "Festo nimemwachia Bazilio. Profesa anasema Malia anataka mikono ya taratibu."

Lo! Kule milimani Maria na Malia ni jina lile lile, ulimi hauzigombanishi herufi hizo. Festo naye, kila kigango kina Festo wake.

Ikawa Malia asubuhi, Malia jioni. Malia leo tumemfunua mpaka chini. Malia tumemfunika asinyeshewe. Epifania akapitisha hesabu ya akina Maria wote anaowajua, hesabu ikamwangukia Maria mjane wa Melkiadi, muuza pombe ya ndizi, akaacha kumsalimia hata kanisani. Maskini mjane wa watu, hajui hili wala lile.

"Wifi," alimwambia Immakulata, dada yake Venanti, "kaka yako ana mwanamke mlimani. Anamfunika asinyeshewe, na mimi na mwanawe tunalowa!"

Immakulata akajipiga paja. "Yuu! Ndiyo maana nyumba haiishi. Anajenga huko! Na wewe umekaa tu, wifi yangu?"

Alasiri moja mvua ya kwanza ikashuka, turubai la kuazima likachanika, unga wote ukawa uji. Basi, yakamfika shingoni. Akamfunga Esteri mgongoni, akashika mwiko, akaupanda mlima akisema peke yake.

"Malia yuko wapi? Atoke!"

Wachimbaji wakatazamana. Bazilio, rafiki wa Venanti, akanyoosha kidole. "Si huyo hapo, shemeji."

Epifania akachungulia. Shimo. Juu yake turubai jipya, zito, halipitishi hata tone. Ndani, Venanti kapiga magoti na brashi ndogo, anapangusa sakafu ya kale polepole, anapuliza vumbi kwa mdomo kama anayempuliza mtoto jicho.

Walicheka mpaka wakakaa chini. "Malia ni shimo, mama Esteri! Ni jina la jumba la wafalme!" Hata Profesa, alipofasiriwa, alishika mbavu.

Epifania hakucheka. Wivu aliopanda nao ulizidi. Miaka yote ya ndoa, mikono ile haikuwahi kumfuta hata jasho.

"Afadhali angekuwa mwanamke," alisema. "Mwanamke ningemchapa mwiko huu, akalia, yakaisha. Hili nitalifanya nini?"

Kicheko kikafa. Akashuka shimoni na miguu yake ya tope, akaketi katikati ya ile sakafu, akamlaza Esteri. "Mume wangu kajenga hapa. Sakafu ipo, paa lipo. Tumehamia."

Profesa akapiga kelele kwa lugha yake. Venanti akalitazama tope, akamtazama mtoto, ambaye alikwisha kusinzia pakavu. Akaweka brashi chini, akapanda juu, akaanza kufungua kamba za turubai.

"Wewe, utafukuzwa!" Bazilio alimwambia.

"Najua. Mama Esteri, mbebe mtoto, twende."

Alifukuzwa kweli. Nyumba ikapata udongo na nyasi, turubai likarudishwa kwa Profesa limeoshwa, na Epifania akabaki na jina la Mke Mwenza maisha yake yote. Lakini jioni ile ya kwanza, wamekaa wakavu chini ya turubai la Malia, mvua ikamwagika upya. Venanti akaacha kula, akatega sikio kuelekea mlimani.

"Unamuwaza," Epifania alisema.

"Nani? Mimi? Simuwazi," Venanti akajibu, haraka mno.