Gunia la Kisungura

Siku yangu ya kwanza katika ghala la nafaka Kitale, msimamizi alinikabidhi chuma kirefu chenye mfereji, ambacho ukikichoma guniani punje humiminika mkononi. Akaniambia, "Hapa usimwamini mtu. Sungura wamejaa."

Gunia la kisungura, nyinyi vijana, ni lile lenye mahindi makavu pembeni na mabichi katikati. Neno tulilitoa kwenye hadithi za nyanya zetu, ambamo sungura humlaghai kila mnyama. Nililipenda neno hilo. Hata mahindi ya shemeji yangu niliyapima mara mbili, na sijutii.

Baadaye nikahamishiwa Bungoma. Meneja wa huko alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamsalimu, na watu wa aina hiyo mimi huwaogopa. Chuma hakukihitaji. Aliyatazama magunia tu na kutamka, "Ya kisungura. Rudisha." Mkulima akitoka, langoni alimkuta broka, dalali wa mahindi, akimngoja ayanunue kwa bei ya kutupa. Kesho yake magunia yaleyale yaliingia kwa lori la broka na kupokelewa. Niliyajua kwa viraka vyake.

Ndipo akaja mama mmoja mjane kutoka Kabuchai na mavuno yake yote.

"Ya kisungura," meneja akasema.

"Ati kisungura? Hii nimerima mwenyewe, nikaanika mwenyewe! Si uchome uone, bana?"

Broka alikwisha kuanza kumsogelea. Hasira ilinipanda. Nikashika chuma, nikachoma gunia katikati, mbele ya foleni nzima. Punje zikashuka kavu kama changarawe. Nikachoma la pili, zikawa vilevile.

"Nani amekutuma?" meneja akauliza, safari hii bila kucheka.

"Ni wewe, mkubwa. Si ndiyo kazi yangu?"

Foleni ikapaza sauti, "Na yetu ichomwe!" Mahindi ya mama yakapokelewa. Mimi nikarudishwa Kitale upesi, nikastaafu na cheo kilekile.

Siku hizi nakaa Matisi, hapa Kitale, na neno lile bado linanisumbua. Katika hadithi za nyanya, sungura ndiye mdogo. Wenye meno ni fisi na simba. Sisi ghalani tulimpa mkulima jina la sungura, mwenye meno tukamwita mkubwa.

Juzi nilipeleka mahindi yangu machache ghalani. Binti mpimaji akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Mzee, hii si ya kisungura kweli?"

"Choma katikati," nikamwambia. "Lakini uchome nikiona."